Mashairi ya bhakti yalitunzwa na waimbaji, na waimbaji ndio tunaowasahau

Mwaka 1914 George Grierson, mtaalamu wa lugha za India aliyekuwa amekwisha kurudi kwao Uingereza, alimwomba msaidizi wake wa Kashmir, Mukunda Rama Shastri, amtafutie hati za mashairi ya Lal Ded. Huyu Lal Ded alikuwa mwanamke wa karne ya 14 aliyeacha nyumba ya mumewe akawa anazunguka Kashmir akiimba habari za Mungu, na kwa karne nyingi Wakashmiri, Waislamu kwa Wahindu, wamekuwa na beti zake mdomoni. Shastri alitafuta hati asizione. Aliyemwona ni mzee mmoja wa kijiji cha Gush, Dharmadasa Darwesh, ambaye alizitamka beti hizo kwa kichwa, moja baada ya nyingine, kama alivyozipokea kwa wazee wa ukoo wake. Shastri akaandika. Kitabu kilichotoka London mwaka 1920 msingi wake ni kinywa cha mzee yule, kikilinganishwa na hati chache zilizokusanywa na Aurel Stein.

Kati ya Lal Ded na mzee wa Gush kuna zaidi ya miaka mia tano. Katika muda huo Kashmir ilipita mikononi mwa masultani, Wamughali, Waafghani, Masingasinga na kisha maharaja wa Jammu. Hakuna serikali yoyote kati ya hizo iliyoweka mtu wa kumlinda Lal Ded. Alilindwa na watu wa kawaida walioona haja ya kumwimba.

Naanza na kisa hiki kwa sababu siku hizi ukitaja uhifadhi wa ushairi wa kale, watu wanafikiria skana, hifadhi ya kidijitali, na chumba chenye kiyoyozi. Vitu hivyo ni vya lazima, na nitavitetea hapa chini. Lakini historia ya ushairi wa ibada wa India ya zama za kati inasema jambo ambalo wafadhili na vyuo vikuu hawajalipa uzito wake: ushairi huu ulitunzwa kwanza na waimbaji, wengi wao watu wa tabaka za chini, na mahali ambapo mnyororo wa waimbaji umekatika, hati peke yake imebaki karatasi ya wataalamu. Anayetaka kuuhifadhi leo hana budi kuwalipa wanaoimba.

Kwa msomaji ambaye hajakutana nao: bhakti ni ibada ya mapenzi, ya mja kumwendea Mungu wake moja kwa moja, kwa jina, kwa machozi, wakati mwingine kwa ugomvi kabisa. Ilianza kusikika katika nchi ya Watamil kusini kuanzia karne ya 6 hivi, ikapanda Karnataka katika karne ya 12, Maharashtra katika karne ya 13, na kufika karne ya 15 na ya 16 ilikuwa imeenea bara zima la kaskazini. Washairi wake waliiacha Sanskrit ya makasisi wakatunga kwa lugha za sokoni na jikoni. Kabir alikuwa mfumaji wa Banaras, wa ukoo wa Kiislamu. Ravidas, wa mji huohuo, alikuwa mtu wa ngozi na viatu. Namdev alikuwa mshona nguo. Chokhamela alikuwa Mahar, mmoja wa wale walioitwa wasioguswa. Mirabai alikuwa binti wa kifalme, Rajput wa Merta, aliyeolewa katika nyumba ya watawala wa Mewar na kukataa kuishi walivyotaka wakwe zake. Ukiondoa wachache kama Mirabai, hawa si watu ambao mikono ya waandishi wa ikulu ilikuwa inawahangaikia.

Sasa mashairi yao yalifikaje kwetu? Siri moja imo ndani ya umbo lenyewe. Mshororo wa mwisho wa wimbo wa bhakti hubeba jina la mtunzi: "Asema Kabir", "Bwana wa Mira", "Surdas anaimba". Jambo hili si geni kwa msomaji wa Kiswahili, maana malenga wetu nao hujitaja katika beti za tamati. Ila huko India jina lilifanya kazi kubwa zaidi ya kumtambulisha mtunzi. Lilikuwa idhini. Mwimbaji akifika kwenye "Asema Kabir" anaushusha wimbo kwa wasikilizaji kwa mamlaka ya Kabir, na mwimbaji mwenye kipaji aliyetunga wimbo kwa roho ya Kabir hakuona wizi wowote kuutia jina hilo. Kwake ilikuwa heshima kwa mwalimu.

Matokeo yake yanaonekana kwa Surdas, mshairi wa Krishna ambaye mapokeo yanasema alikuwa kipofu. Hati kongwe kabisa ya nyimbo zake yenye tarehe iliandikwa Fatehpur, Rajasthan, mwaka 1582. Humo mashairi yenye jina lake hayafiki mia tatu. Kitabu chake kilichochapishwa Banaras katika karne ya 20 kina karibu 5,000. Bahari ya Sur, kama kitabu hicho kinavyoitwa, ilijazwa na mito ya watu wengi ambao majina yao hatutayajua kamwe. Mirabai ni zaidi: katika hati za karne yake mashairi yake ni ya kuhesabu kwa vidole, wakati leo nyimbo za Mira zinaimbwa kwa mamia kuanzia Gujarat hadi Bengal.

Wasomi wa karne iliyopita walilitazama jambo hili kwa mashaka makubwa. Kazi yao ikawa kuchuja: kurudi kwenye hati kongwe, kulinganisha nakala, na kubakiza kile ambacho huenda kilitoka kwa mtunzi mwenyewe. Kazi hiyo naiheshimu, na bila hiyo tungekuwa gizani. Lakini imezaa tabia mbaya ya kuita kila kilichobaki nje ya hati kuwa ni bandia. Rabindranath Tagore alipotafsiri nyimbo mia moja za Kabir kwa Kiingereza, muda mfupi baada ya kupata Tuzo ya Nobel ya mwaka 1913, alitegemea mkusanyo wa Kshitimohan Sen, aliyezichukua kwa waimbaji wa njiani pamoja na maandishi. Nyingi katika hizo mia hazimo katika hati kongwe. Na bado ndizo zilizomtambulisha Kabir duniani, zikatafsiriwa tena kwa lugha kadhaa. Kabir aliyeushawishi ulimwengu ni Kabir wa midomo. Tukimfuta yeye tukabaki na yule wa hati tu, tutakuwa tumeifuta historia yenyewe.

Tena jina la mtunzi liliwahi kuwa ufunguo wa kurudisha kilichopotea. Mapokeo ya Watamil yanasimulia kwamba katika karne ya 10 kasisi Nathamuni aliwasikia wasafiri wakiimba beti kumi na moja za Nammalvar, na ubeti wa mwisho, wa kufungia, ukasema kwamba kumi hizi ni katika elfu. Akawauliza, na hizo nyingine je? Hawakuzijua. Nathamuni akafunga safari hadi alikotoka mshairi, akatafuta, akaomba, na kwa mujibu wa mapokeo akazipokea zote pamoja na za washairi wenzake. Leo ni mkusanyo wa beti elfu nne unaosomwa katika mahekalu ya Vishnu ya kusini. Hata tukiiweka kando miujiza iliyomo katika kisa hiki, kinabaki na jambo la kiutendaji: ushairi ulikuwa umejihesabu wenyewe, ukaacha alama ndani yake ya kumwambia msikilizaji kwamba kuna kinachokosekana.

Wapo hata hivyo walioamua kufunga mlango, na kwa sababu nzuri. Mwaka 1584 Eknath wa Paithan, mshairi na mwanachuoni wa Maharashtra, alikusanya nakala za Dnyaneshwari, ufafanuzi wa Gita, kitabu kitakatifu cha Wahindu, uliotungwa na Dnyaneshwar kwa Kimarathi mwaka 1290. Aliona karne tatu za kunakiliwa zimeiharibu. Akalinganisha, akasahihisha, na mwishoni akaandika onyo: atakayepachika beti zake humu ajue ameweka kifuu cha nazi katika sinia ya maji ya uzima. Ni onyo kali la mtu aliyechoshwa na vifuu vya watu.

Miaka ishirini baadaye, Amritsar, Guru Arjan, kiongozi wa Masingasinga (Sikh), alifanya jambo kubwa zaidi. Mwaka 1604 alikamilisha Adi Granth, kitabu kitakatifu cha jumuiya yake, mwandishi wake akiwa Bhai Gurdas. Humo aliweka nyimbo za maguru wa Sikh, na pamoja nazo nyimbo za watu wasiokuwa wa jumuiya yake: Kabir mfumaji, Ravidas mtu wa viatu, Namdev mshona nguo, Sheikh Farid, Mwislamu wa njia ya Kisufi. Kila wimbo ulipangwa kwa raga yake, yaani mahadhi yake, na mwishoni mwa kila ubeti na kila kundi ukawekwa hesabu ndani ya hesabu, hata mtu akitaka kuchomeka ubeti mmoja atavuruga namba za ukurasa mzima. Mwaka 1708 Guru Gobind Singh, kabla ya kufariki, alikitangaza kitabu hicho kuwa ndicho Guru wa kudumu. Tangu hapo maneno ya mshona viatu aliyezuiwa kuingia mahekaluni yakawa yanapepewa, yanavikwa vitambaa vya hariri, na yanainamiwa na mamilioni.

Humo ndimo yalimo maneno haya ya Kabir:

Kwanza Allah aliiumba nuru, na kwa kudura yake viumbe wote.
Kwa nuru moja ulimwengu mzima umechipuka: nani basi mwema, na nani mbaya?

Na haya ya Ravidas, kuhusu mji aliouita Begampura, mji usio na huzuni:

Huko hakuna maumivu wala wasiwasi,
hakuna kodi wala ushuru wa mali,
hakuna hofu, hakuna kosa, hakuna kuogopa kuanguka.

Wimbo unamalizika kwa kujitaja: asema Ravidas, chamar aliyefunguliwa, mkazi mwenzangu wa mji huu ndiye rafiki yangu. Chamar ni jina la tabaka lake, neno ambalo wengine walilitumia kumtukana. Yeye amelibeba hadi mshororo wa mwisho na kulisimamisha pale pale ambapo mamlaka ya wimbo hukaa. Mshairi aliyeota mji usio na kodi katika karne ya 15 au ya 16, huku akiishi kwa kushona ngozi za wanyama waliokufa, anastahili kusomwa na kila mtu anayefundisha fikra za siasa, na sielewi kwa nini bado anaachiwa idara za dini peke yake.

Kwa hiyo mkono wa mwandishi nao umeokoa mengi. Bila muhuri wa Guru Arjan tusingekuwa na hakika kuhusu Kabir wa karne yake, maana Bijak, kitabu cha wafuasi wake wa mashariki, na mikusanyo ya Rajasthan inatofautiana sana, na Kabir wa kila upande ana sauti yake. Ninachokataa ni kuamini kwamba karatasi ni salama zaidi ya mdomo. Juni 1984 jeshi la India lilipolivamia hekalu la Amritsar, maktaba ya hati za Sikh iliyokuwa pale iliangamia, na hadi leo kuna mabishano makali juu ya kipi kiliungua na kipi kilichukuliwa. Januari 2004 kundi la watu lilivamia Taasisi ya Bhandarkar mjini Pune na kuharibu vitabu na hati, wakiwa na hasira juu ya kitabu kimoja cha historia. Chumba chenye hati kinaweza kuchomwa kwa asubuhi moja.

Nisisitize hapa kwa shairi la Basavanna, waziri wa mfalme Bijjala huko Kalyana katika karne ya 12, ambaye alitunga kwa Kikannada:

Wenye nacho watamjengea Shiva hekalu.
Nifanye nini mimi, Bwana, niliye maskini?
Miguu yangu ndiyo nguzo, mwili wangu ndio hekalu,
kichwa changu ndicho kilele cha dhahabu.
Sikia, ewe Bwana wa makutano ya mito:
kilichosimama kina mwisho, kitembeacho hakina mwisho.

Mashairi ya Basavanna na wenzake, yanayoitwa vachana, yalipitia jaribio la maneno hayohayo. Mapokeo yanasimulia kwamba jumuiya yake ilimwoza binti wa Brahmin, tabaka la makasisi, kwa kijana wa mshona viatu, mfalme akawaua baba zao, machafuko yakazuka, na wafuasi wakatawanyika huku na huko wakibeba walichoweza. Vachana zikaishi vijijini na katika nyumba za watawa, kwenye majani ya mvumo, kwa karne nyingi. Katika karne ya 20 wakili mmoja wa Bijapur, P. G. Halakatti, alitembea nyumba kwa nyumba akiyakusanya majani hayo, na alipokosa mchapishaji aliuza nyumba yake akafungua kiwanda chake cha uchapaji. Kila mwanafunzi wa Karnataka anayesoma Basavanna shuleni leo anasoma jasho la mtu huyo.

Wala tusidhani ni mambo yaliyokwisha kupoa. M. M. Kalburgi, mhariri mkubwa wa vachana, alipigwa risasi nyumbani kwake Dharwad tarehe 30 Agosti 2015. Alikuwa na maadui kwa sababu ya aliyoyaandika kuhusu dini na historia ya jumuiya yake mwenyewe. Ushairi wa karne ya 12 bado una watu wanaoweza kuua kwa ajili ya nani ana haki ya kuufasiri.

Hilo linanileta kwenye athari zake, na hapa nina ugomvi na waandishi wanaosema bhakti iliikomboa India na matabaka. Chokhamela alitunga nyimbo zake katika karne ya 14 kwa Vitthal wa Pandharpur, mungu ambaye hakuruhusiwa kumkaribia. Alikufa ukuta ulipomwangukia yeye na vibarua wenzake huko Mangalvedha. Inasimuliwa kwamba Namdev alikwenda kuitafuta mifupa yake kifusini, akaitambua kwa sababu ilikuwa bado inatamka jina la Vitthal, akaizika chini ya ngazi za hekalu. Nje. Kila mwaka maelfu kwa maelfu ya mahujaji wa Varkari hutembea kutoka Alandi na Dehu hadi Pandharpur wakiimba nyimbo zake pamoja na za Dnyaneshwar na Tukaram. Na kwa karne hizo zote watu wa tabaka lake waliishia hapohapo ngazini. Hekalu lilifunguliwa kwao mwaka 1947, baada ya mwalimu Sane Guruji kufunga kula akidai lifunguliwe.

Nyimbo zilihifadhiwa kikamilifu, na ujumbe wake ukapuuzwa na hao hao waliozihifadhi. Huo ni ukweli mchungu, na B. R. Ambedkar, kiongozi wa wasioguswa, aliyezaliwa Mahar na ambaye baba yake alikuwa mfuasi wa Kabir, aliusema wazi mwaka 1936 alipojibizana na Gandhi: watakatifu hao walifundisha kwamba watu ni sawa mbele ya Mungu, jambo lisilomgharimu mtu kitu, na hawakufundisha kwamba mtu ni sawa na mtu. Lakini Ambedkar huyohuyo, mwaka 1948, alikitoa kitabu chake kuhusu wasioguswa kwa kumbukumbu ya Nandanar, mtakatifu wa Kitamil aliyekuwa asiyeguswa, na Ravidas na Chokhamela. Kwangu mambo hayo mawili hayapingani. Alijua wimbo hauvunji ukuta. Alijua vilevile kwamba mtu aliyezaliwa nje ya ukuta anahitaji kujua kuwa wa kwao alikwisha kusema.

Mwaka 2010 wafuasi wengi wa Ravidas walikwenda mbali zaidi. Baada ya kiongozi wao mmoja kuuawa katika shambulio hekaluni kwao Vienna mwaka 2009, walitangaza Banaras kwamba wao ni dini inayojitegemea, wakakusanya nyimbo za Ravidas katika kitabu chao. Nyimbo zilizokuwa zimehifadhiwa ndani ya Granth kwa miaka mia nne zikapewa makao mengine na wajukuu wa tabaka lake.

Sisi wa Afrika Mashariki tunaishi karibu na ushairi huu kuliko tunavyojua. Dereva wa lori anayesimama Makindu, kwenye barabara ya Nairobi na Mombasa, akala dengu na chapati bila kulipa senti katika hekalu la Masingasinga lililojengwa mwaka 1926 na watu wa reli, amekula chini ya paa ambamo Kabir na Ravidas wanasomwa. Chakula kile cha bure, watu wote wakikaa pamoja bila kuulizwa dini wala kabila, kimetoka katika fikra ileile ya beti za nuru moja nilizozinukuu hapo juu.

Na Waismailia, ambao jamatkhana zao, nyumba zao za ibada, zipo Zanzibar, Dar es Salaam, Mombasa, Nairobi na Kampala, wana ginan: nyimbo za ibada zinazonasibishwa na mapir, walimu wao wa dini, kama Pir Shams, Pir Sadruddin na Pir Hasan Kabirdin, kwa mchanganyiko wa Kigujarati, Kisindhi, Kihindi na Kipunjabi. Masimulizi yao yanasema Pir Shams alifika kijiji kimoja cha Gujarat wakati wa sherehe za Navratri, akaingia katika duara la wachezaji wa garba, akaanza kuimba maneno yake mwenyewe kwa mahadhi yaleyale. Zipo garbi 28 zenye jina lake. Ndivyo ujumbe wa Kiislamu ulivyopita katika ngoma ambayo wanakijiji walikuwa wanaijua tayari, bila kuwavunjia duara lao.

Ginan ziliandikwa kwa hati ya Khojki, na nakala kongwe zinazojulikana ni za karne ya 18. Mwaka 1866 zilifika mahakamani: Jaji Joseph Arnould wa Bombay, akiamua kama Makhoja, jumuiya ya Gujarat iliyokuwa ikiziimba ginan hizo, ni watu wa madhehebu gani na mali ya jumuiya iko chini ya nani, aliitumia ginan ya Das Avatar kuwa sehemu ya ushahidi, na akaamua kwa upande wa Aga Khan wa kwanza. Sidhani yapo mashairi mengi ya ibada duniani yaliyopata kuamua kesi ya mali. Hukumu hiyo iliwagusa pia Makhoja wa pwani yetu, waliokuwa wamekuja na majahazi kutoka Kutch na Kathiawar.

Halafu ukaja mwaka 1971, majumba yakataifishwa Tanzania, na 1972 Idi Amin akawafukuza Waasia Uganda. Familia ziliondoka Kampala na masanduku machache. Nyimbo hazikuhitaji sanduku. Leo ginan zilizovuka bahari kutoka Gujarat hadi Zanzibar zinaimbwa Vancouver na Toronto na vijana ambao wengi wao hawasomi Khojki wala Kigujarati, na hufuata maneno kwa herufi za Kilatini. Maneno yapo. Kinachopungua ni mahadhi, maana herufi haziandiki sauti inapopanda na inaposhuka, na wazee wanaojua namna mbili au tatu za kuimba ginan moja wanaondoka mmoja mmoja. Kama kuna taasisi Dar es Salaam au Nairobi inayotafuta kazi ya kufanya katika urithi wa Bahari ya Hindi, hii ipo, haisubiri, na haihitaji fedha nyingi: kinasa sauti kizuri, ruhusa ya jumuiya, na vijana wa kukaa na wazee hao.

Huko India zipo dalili njema. Tangu mwaka 2003 mradi wa Kabir wa Bangalore, ulioanzishwa na Shabnam Virmani, umekuwa ukiwafuata waimbaji wa vijijini wa Malwa na Rajasthan na hata Pakistan, ukiwarekodi na kuwataja kwa majina. Prahlad Singh Tipaniya, mwalimu wa shule na Mdalit, yaani wa tabaka zilizoitwa wasioguswa, kutoka Malwa ambaye alijifunza tambura akiwa mtu mzima, alipewa nishani ya Padma Shri mwaka 2011 kwa kumwimba Kabir. Malwa wanakesha usiku mzima wakiimba, na katika nyimbo hizo zenye jina la Kabir zipo hata zinazotaja garimoshi. Mchujaji wa hati atasema huyo si Kabir. Ni kweli hakuliona garimoshi. Lakini mkulima aliyeutunga wimbo huo anajua hasa Kabir angelitumia kusema nini, na ujuzi huo ndio unaostahili kuhifadhiwa kabla ya kitu kingine chochote.

Hawa waimbaji wengi wanaishi kwa kilimo na vibarua. Fedha za uhifadhi zinakwenda kwenye mashine na kwa wataalamu wa mashine, wao wanapata picha na shukrani. Miaka elfu moja iliyopita mtu mmoja alilitazama suala hili kwa akili zaidi. Inasimuliwa kwamba mfalme Rajaraja wa Chola alipotafuta nyimbo za Shiva za Watamil, chumba kilipofunguliwa huko Chidambaram mchwa walikuwa wamekwisha kula sehemu kubwa ya majani yaliyoandikwa. Kisa hicho ni mapokeo. Kilichochongwa kwenye mawe ya hekalu lake la Thanjavur, mwanzoni mwa karne ya 11, ni hakika: orodha ya waimbaji 48 na wapiga ngoma wawili, kila mmoja na posho yake ya mpunga ya kila siku kutoka ghala la hekalu. Na amri ya mfalme haikuishia kwenye majina. Mwimbaji akifa au akihama, ndugu yake wa karibu achukue nafasi na mpunga. Ndugu akiwa hajui kuimba, atafutwe anayejua, naye alipwe vilevile.